UKURASA WA NYUMBANI: Madoa Meupe Katika Tangi la Samaki

Juma hili tumeletewa barua na mama mmoja, mke wa askari, akaaye katika nyumba za kambi. Mumewe yuko kazini nje ya nchi. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 10, tangi la kioo la samaki lililomo sebuleni, akamwagiza alitunze mpaka atakaporudi. Ndani ya tangi hilo mlikuwa na gapi wanane na kambare mmoja mdogo wa mapambo, pamoja na majani mazuri ya majini ambayo baba aliyapanda changaraweni kwa mikono yake mwenyewe.

Mtoto alilitunza tangi vema kwa muda wa miezi minne. Kisha, kwa kutaka kumfurahisha baba yake, aliomba fedha kwa mama, akanunua gapi watatu wapya kwa muuzaji mmoja, akawatia humo siku ile ile. Baada ya siku sita mama aliona samaki wawili wametapakaa madoa meupe madogo, kana kwamba wamenyunyiziwa chumvi. Siku ya pili yake walikuwa watano. Wakaanza kujikuna kwenye mawe na kukunja mapezi yao. Mama alikuwa akitafuta dawa, lakini siku ya nne madoa yakatoweka yenyewe, na nyumba nzima ikafurahi. Furaha hiyo haikudumu. Juma lililofuata madoa yalirudi mara dufu, na gapi wanne wakafa katika siku mbili.

Mama huyu anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, samaki waliobaki waweza kuponywa bila ya kuyaangamiza majani ya baba? La pili, amwambie nini mtoto, ambaye kila usiku hulia akisema kwamba yeye ndiye aliyewaua samaki wa baba yake?

Maswali yote mawili ni mazito, nasi tutayajibu kwa utaratibu. Wengine wasiofuga samaki sebuleni wasiufunue ukurasa huu upesi, kwa maana maradhi haya huwapata pia samaki wa mabwawani, na jamaa wengi wa askari na polisi siku hizi wana mabwawa nyumbani kwao.

Adui ni nani?

Maradhi haya huitwa madoa meupe. Hayaletwi na uchafu peke yake, wala si ukungu, wala si upele. Huletwa na kimelea, yaani kiumbe kidogo kiishicho kwa kumnyonya kiumbe mwingine. Kimelea hiki ni cha jamii ya protozoa, na mwili wake wote ni seli moja tu. Mwaka 1876 mtaalamu aliyeitwa Fouquet alikipa jina la kitaalamu la Ichthyophthirius multifiliis. Jina hilo ni refu na gumu kwa ulimi, lakini maana yake ni nyepesi na ya kweli: chawa wa samaki mwenye wana wengi. Kwa hakika yeye si chawa, lakini kuhusu wingi wa wana hakusingiziwa hata kidogo.

Askari aliyefunzwa hajui tu kwamba adui yupo. Hujua pia adui analala wapi, anatoka saa ngapi na anapita njia gani. Hali kadhalika mfugaji wa samaki. Asiyeujua mwenendo wa kimelea hiki atamwaga dawa bure, kama mtu apigaye risasi gizani. Basi na tuutazame mwenendo wake, maana siri yote ya tiba imo humo.

Maisha ya kimelea hiki yana hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ndani ya samaki. Kimelea hupenya chini ya ngozi au katika matamvua, kikala na kunenepa humo. Doa jeupe tulionalo ni hicho kimelea chenyewe, kimefunikwa na ngozi ya samaki. Chaweza kukua hadi kufikia kama milimita moja. Kikiwa humo, dawa itiwayo majini haikifikii, kwa kuwa ngozi na ute wa samaki ndio ngome yake.

Hatua ya pili ni chini ya tangi. Kikisha kushiba, kimelea hutoboa ngozi, kikatoka, kikaogelea kwa muda mfupi, kisha kikajishikiza juu ya changarawe, kioo au jani la mmea. Hapo hujizungushia kifuko chenye utando, na ndani yake hujigawa, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, mpaka vikawa mamia, na pengine hata elfu moja. Katika kifuko hicho pia dawa haikifikii kwa urahisi.

Hatua ya tatu ni majini. Kifuko hupasuka, na wale wana wengi hutoka wakiogelea huku na huko kumtafuta samaki. Hawana chakula kingine. Wakimpata, hupenya ngozi yake na mzunguko ukaanza upya. Wasipompata kwa muda wa siku moja au mbili, hufa wote. Huu ndio wakati wa pekee ambapo adui yuko uwandani bila ya ngome wala handaki, na ndipo tiba yo yote ile impigapo.

Mzunguko huo huenda kwa mwendo wa joto la maji. Maji yakiwa na digrii 24 hadi 26 za Sentigredi, humalizika kwa siku chache tu, yaani kiasi cha siku tatu hadi sita. Maji yakiwa baridi, huchukua majuma. Yakifikia digrii 30 na kuendelea, kimelea hushindwa kuzaana.

Sasa twaweza kulifumbua fumbo la mama yetu. Madoa yalipotoweka siku ya nne, samaki hawakuwa wamepona. Adui alikuwa ameshiba, ameondoka kwenda kuzaa. Yale madoa kumi yaliyoonekana juu ya samaki mmoja yaliweza kurudi yakiwa maelfu ya wana wenye njaa. Hili ndilo kosa linalowapata wafugaji wengi kuliko yote: kuacha tiba, au kutoianza, kwa sababu ngozi ya samaki imekuwa safi. Ngozi safi si amani. Yaweza kuwa ni mapumziko ya adui tu.

Dalili za kutazamwa

Dalili ya wazi ni hayo madoa meupe yenye ukubwa wa punje ya chumvi, kwenye mapezi na mwilini. Lakini kabla ya hapo samaki huanza kujikuna ghafula juu ya mawe na majani, kama mtu aliyeumwa na siafu. Hukunja mapezi, hupunguza kula, hujitenga na wenzake. Akiwa anatweta juu ya uso wa maji, ujue kwamba vimelea vimeingia katika matamvua, nako ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Samaki wengine hufa kwa njia hiyo bila ya doa hata moja kuonekana nje.

Yafaa pia tusiyachanganye maradhi haya na mambo mengine. Dume la samaki wa dhahabu huota vipele vyeupe vidogo kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mapezi ya mbele wakati wa kutaka kuzaliana. Hayo ni maumbile, si maradhi. Tena yapo maradhi mengine ambayo vumbi lake ni laini kuliko chumvi na lina rangi ya dhahabu. Hayo huletwa na kimelea cha namna nyingine.

Shida ya tangi lenye majani

Katika tangi tupu lisilo na kitu ila samaki, kazi ya kutibu ni nyepesi. Shida huja palipopandwa majani. Majani ni mapambo, lakini pia yana kazi kubwa: hutoa hewa ya oksijeni mchana, hunyonya taka za samaki, na huwapa vitoto vya samaki mahali pa kujificha. Mfugaji aliyeyakuza kwa miezi hataki kuyaua kwa ajili ya dawa ya siku kumi.

Chumvi, kwa mfano, ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, lakini majani mengi ya majini hayaipendi, hasa yale yenye majani membamba kama utepe au yaliyochanuka kama mkia wa paka. Dawa zenye shaba huua konokono na uduvi, tena hudhuru mimea. Dawa ya rangi ya buluu iitwayo methilini buluu hutia waa kila kitu, huchosha majani, na huua bakteria wema wanaosafisha maji katika chujio. Dawa iitwayo malakiti ya kijani ina nguvu, lakini ni sumu. Haifai kuguswa kwa mikono mitupu, na nchi nyingi zimeikataza isitumiwe kwa samaki waliwao. Anayeinunua dukani kwa ajili ya samaki wa mapambo na asome maandishi ya chupa kwa makini na kupima barabara, wala asiitie kamwe katika bwawa la samaki wa kitoweo.

Jambo jingine: msitie dawa za binadamu. Vidonge vya kuua bakteria vilivyosalia kabatini havimdhuru kimelea huyu, ambaye si bakteria. Vitachafua maji na kuwaua wale bakteria wema wa chujio.

Njia ya kwanza: watenganisheni samaki na majani

Tumeona kwamba wana wa kimelea hufa kwa siku moja au mbili wakikosa samaki. Basi tangi la majani halihitaji dawa yo yote. Lahitaji jambo moja tu: lisiwe na samaki hata mmoja. Samaki wote hutolewa, pamoja na wale wanaoonekana wazima, na tangi huachwa na majani yake, taa yake na chujio lake likifanya kazi kama kawaida. Vifuko vitapasuka, wana watatoka, watatafuta, watakosa, watakufa. Konokono waweza kubaki, kwani kimelea hiki hakili konokono.

Mahali penye joto la kawaida, kama Kampala, Jinja au Entebbe, ambako maji ya sebuleni hukaa kwenye digrii 22 hadi 25, tangi liachwe bila samaki kwa siku 14. Siku hizo ni nyingi kuliko zinazohitajika, lakini heri kuzidisha kuliko kupunguza. Kwa wakaao milimani kama Kabale, ambako maji ni ya baridi zaidi, wangoje mwezi mzima. Kila siku mbili tupeni chembe chache za chakula tangini, ili bakteria wa chujio wasife njaa.

Je, samaki wenyewe watibiwe wapi? Hapa twamshauri mama yetu atumie njia ya mabeseni mawili, ambayo haigharimu fedha nyingi, ila yataka bidii na saa.

Chukueni mabeseni mawili ya plastiki ambayo hayajapata kuoshewa kwa sabuni. Tieni lita 15 za maji katika beseni la kwanza. Maji ya bomba yawekwe kwanza katika ndoo zilizo wazi kwa muda wa saa 24, ili klorini itoke na joto lake lilingane na lile la tangi. Yeyusheni pembeni vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa vya chumvi, yaani kiasi cha gramu 15, mkaimimine kidogo kidogo. Kiasi hicho, gramu moja kwa kila lita, huwapunguzia samaki uchovu, na kambare ataweza kukistahimili. Kama hakuna kambare, mwaweza kupanda polepole, katika muda wa siku moja na nusu, hadi gramu tatu kwa lita, yaani vijiko tisa kwa beseni hilo. Kambare wana ngozi laini kuliko samaki wengine, na hawapendi chumvi nyingi wala dawa kali.

Watieni samaki humo. Wekeni mpira wa pampu ya hewa, na funikeni beseni kwa kitambaa chepesi au wavu, kwa kuwa samaki mwenye hofu huruka. Kila asubuhi na kila jioni wahamisheni kwenye beseni la pili lenye maji mapya yaliyotayarishwa vivyo hivyo. Beseni lililotoka samaki limwagwe, lioshwe kwa maji ya moto, na likaushwe kabisa. La asubuhi lianikwe juani. La jioni lipanguswe kwa kitambaa kikavu na lilazwe limefudikizwa. Lile jiwe dogo la pampu na kimia cha kuvulia nacho kioshwe kwa maji ya moto kila mara.

Je, faida yake ni nini? Kila kimelea kitakachodondoka kutoka kwa samaki kitajishikiza chini ya beseni. Kabla ya wanawe kutoka, samaki wamekwisha hama, na beseni limekauka. Kimelea hiki hakivumilii kukaushwa. Kwa namna hiyo kila kinachotoka hakirudi, na hakuna kipya kinachoingia. Endeleeni kwa siku 10. Msisimame kwa kuona ngozi safi siku ya nne! Baada ya hapo waacheni samaki katika beseni moja kwa siku nne zilizobaki, mkibadilisha nusu ya maji kila siku, huku mkipunguza chumvi. Siku ya 14 yakitimia, na hakuna doa lo lote lililoonekana kwa siku tatu au zaidi, warudisheni tangini.

Katika siku hizo walisheni kidogo sana. Chakula kilichobaki huoza, na beseni halina chujio wala majani ya kulisafisha.

Njia ya pili: joto

Wenye hita yenye kidhibiti joto waweza kuwatibu samaki humo humo tangini. Pandisheni joto kwa digrii moja kila baada ya saa 6 hivi. Kutoka digrii 24 hadi 30 patapita siku moja na nusu. Joto likae kwenye digrii 30 kwa siku 10 hadi 14, na kipimajoto kitazamwe asubuhi na jioni. Katika siku za kwanza madoa yaweza kuongezeka, kwa sababu joto huharakisha mzunguko kabla ya kuuvunja. Msishtuke, wala msirudi nyuma.

Lakini angalieni mambo matatu. Kwanza, maji ya moto hubeba hewa kidogo. Maji yenye digrii 20 yaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yenye digrii 30 kama 7 na nusu tu. Samaki ambaye matamvua yake yameliwa na vimelea huhitaji hewa zaidi, si pungufu. Kwa hiyo pampu isizimwe usiku wala mchana. Pili, si kila samaki apendaye joto. Gapi na samaki wengi wa nchi za joto watavumilia. Samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni maji ya baridi, asipandishwe namna hiyo. Hata baadhi ya majani yatanyong'onyea, ingawa mengi yatachipua tena. Tatu, umeme na maji si marafiki. Chomoeni waya ukutani kabla ya kutia mkono tangini, na hita isiachwe ikiwaka nje ya maji, kwani itapasuka.

Na asiye na hita asijaribu kumimina birika la maji ya moto. Joto lipandalo na kushuka kwa ghafula huwadhoofisha samaki, na samaki dhaifu ndiye chakula cha kimelea.

Katika njia hii ya pili, kila siku nyonyeni uchafu wa changaraweni kwa mpira, mkitoa kiasi cha robo ya maji na kurudisha mapya yenye joto lile lile. Kwa kufanya hivyo mtakuwa mmevitoa nje vifuko vingi kabla havijapasuka. Ili kujua tangi lina maji kiasi gani, zidisheni urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanyeni kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kina cha 30, lina lita 54, na ukiondoa mahali pa mawe na changarawe hubaki pungufu ya 50.

Mgeni njoo, lakini ngoja kwanza

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi la samaki methali hii yaweza kugeuka, mgeni akaja na mwenyeji akaugua. Aghalabu madoa meupe hayazuki tangini yenyewe, huletwa. Huletwa na samaki mpya, na maji ya mfuko aliokuja nao, na kimia kilichoazimwa kwa jirani, au na jani jipya lililobeba vifuko.

Kwa hiyo kila samaki mpya na akae pekee, katika chombo chake, kwa majuma mawili hadi manne kabla ya kujiunga na wenzake. Jani jipya nalo likae majuma mawili katika chombo kisicho na samaki. Maji ya mfuko wa dukani yasimwagwe kamwe tangini. Kila tangi liwe na kimia chake, na kimia kianikwe juani mpaka kikauke. Tena msinunue samaki katika tangi ambalo ndani yake mmeona hata mmoja mwenye madoa, ijapokuwa wale mliowachagua ni safi.

Samaki aliyeugua akapona hupata kinga, na maradhi yakirudi hayamshiki kwa urahisi. Lakini yeye mwenyewe aweza kubeba vimelea vichache visivyoonekana na kuwaambukiza wageni. Hii ni sababu nyingine ya kutochanganya samaki ovyo.

Wenye mabwawa nao wachukue somo hili. Bwawa halihamishiki kwenda beseni. Vifaranga wa ngege au kambare wanunuliwe mahali panapoaminika, wasirundikwe wengi mno, na wavu wa bwawa moja usitumbukizwe katika jingine kabla ya kukauka. Wanaoona samaki wao wanakufa wasikawie kumwita bwana samaki wa wilaya. Na kwa walio karibu na Kampala, kipo kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki huko Kajjansi, katika njia ya kwenda Entebbe.

Maji machafu yamwagwe wapi?

Kimelea hiki hakimdhuru mwanadamu. Mama na watoto waweza kutia mikono tangini bila ya hofu, ila wanawe mikono baadaye kama ilivyo desturi. Lakini maji ya tangi lenye maradhi, majani yake na samaki waliokufa visitupwe katika mto, mfereji wala ziwani. Maji yasiyo na chumvi yamwagieni migomba au bustani. Yenye chumvi yamwagwe mahali pakavu pasipo na mimea. Samaki waliokufa wafukieni.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kukumbuka jambo hili. Gugu-maji lilitoka Amerika ya Kusini, na sehemu nyingi za dunia lilichukuliwa kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 lilifunga bandari, likazuia mitumbwi ya wavuvi na kutatiza mitambo ya umeme kule Jinja. Pambo la mtu mmoja laweza kuwa msiba wa ziwa zima.

Jibu kwa mtoto

Sasa twarudi kwa mama yetu na swali lake la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa.

Mama, mwambie mwanao ukweli, maana mtoto wa miaka 10 huujua uongo hata ukipambwa. Usimwambie kwamba hakuna kosa lililotendeka. Kosa lilikuwapo: wageni waliingizwa bila ya kukaguliwa. Lakini lilikuwa ni kosa la kutojua, si la kutojali, na hata watu wazima waliofuga samaki kwa miaka mingi wamelitenda. Yeye alitaka kumfurahisha baba yake, na nia hiyo haina lawama.

Kisha mpe kazi. Gapi saba na kambare mmoja wangali hai, nao wanamngoja. Yeye ndiye awahamishe asubuhi kabla ya kwenda shule, na jioni akisha kurudi. Yeye ndiye aandike katika daftari: siku ya kwanza, madoa mangapi, nani amekula, nani hakula. Hatuwezi kuahidi kwamba wote watapona. Wale ambao matamvua yao yameshambuliwa sana huenda wakafa katika siku mbili tatu za mwanzo, naye aambiwe hivyo mapema, ili kifo cha mmoja kisimvunje moyo wa kuwatunza waliobaki.

Na baba akipiga simu, mwache mtoto amsimulie mwenyewe, asikie kwa kinywa chake yaliyotokea na yanayofanywa. Askari hukabidhiana zamu kwa kueleza hali ilivyo, nzuri na mbaya, bila ya kuficha. Baba ambaye ni askari ataelewa. Akirudi atayakuta majani yake yako wima changaraweni, na kando yake daftari la siku 14 lililoandikwa na mwanawe. Twaamini atalisoma mpaka mwisho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi na maharagwe yasiliwe na wadudu katika nyumba ndogo zisizo na ghala. Wenye maswali na watuandikie. Hadi hapo, twawatakia jamaa wote, walio nyumbani na walio kazini, amani na afya njema.